Jaribio la Redio ya Spika

Mwaka wa pili wa Uhuru, katika mtaa mmoja wa Migori, redio ya umeme ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Japheth. Kwa vile alipenda kurudia habari kwa sauti kubwa kuliko redio yenyewe, watu walimwita Spika. Umeme aliutoa kwenye mashine yake ya kusaga mahindi: injini moja ilizungusha mawe pamoja na dainamo, na waya ukapita dirishani hadi kwenye bulbu na redio. Chini ya dirisha palikuwa na benchi, na kando ya benchi Bosibori, mjane wa kutoka Kisii, aliuza kahawa. Transfoma ya redio ilikuwa imeungua tena na tena. Jioni hiyo Spika alikuwa amefunga mpya, na Bosibori alikuwa ameona kwamba leo hakuna aliyemsalimia.

— Omera, ndugu yangu, ni fiuzi hiyo, alisema Maroa, msagaji, aliyeitwa Mkanda kwa kushinda akihangaika na mkanda wa mashine.

— Fiuzi nimebadilisha. Waya nimebadilisha. Bado inaungua tu!

— Basi walikuuzia transfoma ya mtumba.

— Zote?

Cephas alikohoa. Aliwahi kubeba mafaili mahakamani, na tangu hapo akawa Mwanasheria.

— Mnazunguka bure. Hiyo ni radi. Kuna watu huko ziwani wanafuga radi kwenye chungu.

— Radi bila mvua, Mwanasheria?

— Ya kufugwa inataka mvua ya nini? Mbwa wako husubiri mvua ndipo abweke?

Wakacheka. Bosibori naye akacheka kidogo, asije akaonekana hakucheka.

— Lakini radi ya kufugwa hutumwa na mtu, Cephas aliendelea, akishusha sauti. Kila redio ikiungua, nani alikuwa hapa?

— Si sisi?

— Sisi ni wenyewe! Toa sisi.

Bosibori akaweka birika chini. Alikuwa hapa kila mara, ndiyo, kwa sababu wao walitaka kahawa kila mara! Maneno yalimjaa mdomoni akayameza. Aliwahi kuona nyumba ya mwanamke ikichomwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo, na waliochoma walianza hivi hivi, kwa mzaha.

— Nyar Kisii, aliita Spika. Siku zote alimwita mama; leo alimwita binti wa Kisii. Njoo ukae hapa, karibu na redio.

— Nimekosa nini, baba?

— Kama huna kosa, itasema. Ikiungua, tutajua jajuok ni nani. Na mchawi hatulali naye mtaa mmoja.

— Na watoto wangu?

— Kaa, mama, alisema Cephas kwa upole uliomtisha zaidi. Ni jaribio tu.

Alikaa. Bega lake liligusa sanduku la redio, baridi ikamwingia.

Wakati huo Roseline, mgeni kutoka Karungu, alifika na karai la mahindi kichwani. Akasimama kuitazama bulbu. Kwao hapakuwa na kitu kama hicho.

— Mkanda! Spika alipiga kelele. Habari zinaanza. Toa mkanda tusikie!

Ndivyo walivyofanya kila jioni, ili kelele za kusaga zisimeze habari. Mawe yakanyamaza. Injini ikabaki na dainamo peke yake, ikapandisha sauti kama iliyofunguliwa kamba. Spika akaweka mkono kwenye kitufe. Bosibori akafumba macho.

— Jamani, alisema Roseline, mbona taa imekuwa kali hivi mlipotoa ule mkanda?

Wote wakainua vichwa. Bulbu iliyokuwa ya manjano ilikuwa nyeupe, inachoma macho.

— Huwa inafanya hivyo, alisema Mkanda kutoka dirishani.

— Kila siku?

— Kila tukitaka habari.

Bosibori akafumbua macho.

— Na redio, baba, si inakula kwenye waya huo huo? Umeme ukizidi hivi, si ndio unaoiunguza?

Cephas alisogeza kikombe chake; birika lilikuwa tupu. Injini iliendelea kulia huko ndani.

— Fungua basi, alisema Bosibori. Mimi nimekaa.

Spika hakufungua. Lakini pia hakumwambia ainuke.