Kisoda, Fundi wa Sare Aliyemtambua Mtoto Asiyekua

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kisoda, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkunga.

Alianza shule Januari 1961. Alikua kama wenzake hadi miaka saba, kisha akasimama. Mdogo wake akampita kimo. Akawa mzito wa kuamka, akihisi baridi hata juani. Walimu wakamwita mvivu, watoto wakambandika jina hilo la Kisoda, mfupi kama kifuniko cha chupa ya soda. Mwaka 1964 daktari aliyekuja kukagua wanafunzi alimpapasa shingo, akaagiza mama yake aitwe, akamwambia, "Mwanao si mvivu, mama. Tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, na bila hiyo mwili haukui." Akaanza kumeza kidonge kila asubuhi. Mwaka haukuisha, viatu vikambana, naye akaringa navyo mtaa mzima huku akichechemea.

Mwaka 1974 alifungua chumba cha kushonea sare za shule. Kila mtoto alimpima na kumwandika daftarini. Januari 1998 aliona vipimo vya binti wa mwashi havijasogea kwa miaka miwili. Mama wa mtoto alifurahi: "Afadhali, sare ya zamani bado inamtosha."

Marehemu akaweka futi mezani. "Dada, hilo si la kufurahia. Mpeleke hospitali."

Yule mama alinuna, akahamia kwa fundi mwingine. Marehemu akamfuata nyumbani, akafungiwa mlango. Akarudi kesho yake. Safari hii mwashi mwenyewe akamsikiliza, wakaenda wote hospitali. Ikaonekana tezi ya kichwani, ndogo kama punje ya njegere, haitoi homoni ya ukuaji. Binti akachomwa sindano kila jioni kwa miaka kadhaa, akakua, na gauni lake la harusi alilishona marehemu. Wengine tisa aliwagundua vivyo hivyo. Waliokutwa wafupi kwa kurithi tu aliwaambia, "Basi mlaumuni babu," wakacheka pamoja.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na baba yetu, fundi saa. Baba alikuwa amepeleka suruali moja ipunguzwe mara tatu, hadi marehemu akamuuliza, "Kaka, unataka kaptula au unanitaka mimi?" Alipokuwa mjamzito daktari alimwongezea dozi ya kile kidonge chake cha asubuhi, nasi wawili tukazaliwa salama.

Moyo wake ulianza kudhoofika Februari mwaka huu. Hakulalamika. Wauguzi aliwatania kwamba mikono ya sare zao imekatwa ovyo. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono. Usiku wa kuamkia siku hiyo alituambia, "Nimeishi vizuri, wanangu. Msinililie kama mtu aliyedhulumiwa."

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake wa kike. Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini aliyotupa naye. Mama, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani.