Mama Régina Mwayuma na Nyumba Yake ya Wageni, Kasongo (1957–2024)

Mama Régina Mwayuma alizaliwa Kabambare tarehe 14 Machi 1957. Alisoma shule ya msingi kwao, kisha miaka miwili ya sekondari hapa Kasongo, mpaka baba yake alipofariki akarudi shambani na mama yake.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mwalimu Octave Kibwe. Mungu aliwapa Aurélie na Roger. Mwalimu Octave alitutoka mwaka 2009.

Mwaka 1994 Mama alifungua nyumba ya wageni yenye vyumba vitatu. Kabla ya kukuuliza jina, alikuwa amekwisha kukutekea maji ya kuoga. Msafiri aliyefika amejaa tope, Mama alimwambia, "Karibu, mwanangu. Ndiyo maana barabara yetu inaisha: kila mutu anaibeba kidogo." Watu walioshuka pikipiki wamenuna waliingia ndani wakicheka.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Hakulalamika. Jambo moja tu lilimtia hofu: kufa peke yake katika nyumba ambayo asubuhi kila mtu anaondoka.

Tarehe 6 Novemba mwaka huu alifika Faridah, mfanyabiashara kutoka Nyangwe, akipeleka samaki wakavu Salamabila. Alikuja kulala usiku mmoja. Asubuhi alimkuta Mama hawezi kuinuka. Mwenye pikipiki alikuwa akimngoja nje. Faridah akamwambia aende zake.

"Weye Faridah, samaki yako itaota ukungu," Mama alimgombeza.

"Iote, Mama. Samaki iko mingi Lualaba."

"Na miye?"

"Weye uko mumoja tu."

Alimwosha, alimpikia uji, alimgeuza kitandani. Mama alikataa watoto wasumbuliwe, kwani njia ilikuwa mbaya. Tarehe 15 ndipo alipokubali wapigiwe simu. Aurélie, mwalimu wa Kabambare, na Roger, wa Salamabila, waliondoka kesho yake. Mvua ilikuwa imebeba daraja, wakakwama siku mbili ng'ambo ya mto.

Faridah ni Mwislamu. Ndiye aliyemwita katekista Nathanaël, akakaa mlangoni mpaka sala ikaisha, kisha akarudi kumshika Mama mkono. Mama Régina alifariki Jumanne tarehe 19 Novemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Watoto wake walifika saa saba mchana.

Jana, familia ilipoandika karatasi hii, Faridah aliomba atajwe kama mgeni. Roger alimjibu, "Mugeni gani, dada? Sisi ndio tulikuta weye nyumbani."

Marehemu anaacha watoto watatu: Aurélie, Roger na Faridah, na wajukuu watano.

Mungu ampokee Mama na kumpumzisha kwa amani. Na sisi tuliochelewa, atusamehe.