Jailos Mwansasu, Msindikizaji wa Iyunga

Ndugu waombolezaji, najua mmechoka. Na mimi nimechoka. Kumleta marehemu kutoka Iringa, lori limezama kwenye tope la Usangu na tumelisukuma wenyewe. Nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu Mzee Jailos Mwansasu alizaliwa Rungwe mwaka 1903, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi Asukile ndiye mdogo wake wa mwisho.

Alisoma shule ya misheni mpaka ilipofungwa kwa ajili ya vita mwaka 1916, akarudi kuchunga. Biblia aliisoma vizuri, ila mwandiko wake ulibaki wa kupindapinda.

Mwaka 1924 alijifunza uashi Iringa, akafanya kazi huko hadi 1931 alipohamia hapa Iyunga. Nyumba nyingi mnazolala ni za mkono wake.

Tarehe 6 Oktoba 1928 alifunga ndoa huko Iringa na shemeji yangu, Esta Kalinga. Wageni wakiwa bado wanakula, bwana harusi akatoweka. Kumbe amemsindikiza shangazi yetu, na bibi harusi amekaa peke yake hadi jioni. Shemeji husimulia mwenyewe: "Nikajua nimeolewa na mtu wa barabarani."

Kusindikiza wageni sote tunasindikiza, hatua chache, tunaaga, tunarudi. Yeye alikwenda mpaka barabara kuu, akakaa na mgeni hadi lori lipatikane. Awe mkwe, awe muuza chumvi aliyeomba maji tu, kwake ilikuwa mamoja. Kwa kweli ilituchosha. Ugali ulipoa, kuta za watu zilisubiri, na siku moja shemeji alimwambia mbele yetu, "Baba Lutengano, hata sisi tunaobaki ni watu!" Akacheka, na kesho yake akatoka tena. Hakugeuka kurudi kabla mgeni hajapotea machoni. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mtu akigeuka nyuma, aone mtu."

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1956. Machi mwaka huu wa 1958 alikwenda Iringa kuwasalimu wakwe, akazidiwa, akalazwa hospitali. Jumapili tarehe 13 Aprili nilikwenda kumwona, na nilipoaga akateremsha miguu kitandani. Muuguzi akamzuia, "Baba, lala, utaanguka." Basi akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, kijana aliyevunjika mguu: "Joachim mwanangu, nisindikizie mdogo wangu huyu." Joachim alinitoa kwa magongo yake hadi getini. Nilipofika kwenye kona niligeuka, naye alikuwa bado amesimama. Kaka alifariki Jumatatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, Lutengano, Yudith na Eliezeri, pamoja na wajukuu, na mimi ambaye sijui nitazoeaje.

Mvua inakuja, na naona baadhi yenu mnatazama barabara. Siwalaumu. Lakini shemeji amenituma ombi moja tu: mzee asiachwe na wenye majembe peke yao. Wengi wenu aliwahi kukaa nanyi pale barabarani, naye alikuwa na kazi zake. Tusimame hapa mpaka udongo wa mwisho urudishwe.

Kaka, nenda ukapumzike. Ukigeuka nyuma, tupo.