Mtunza Alama wa Ghuba ya Trenwith: Maisha ya Digory Nankivell, 1850–1911

Mchungaji Hocking, majirani, wanangu, na ninyi mliokuja kwa sababu tu hakuna aliyewakataza: asanteni kwa kufika. Mimi ni Tamsin Rowe, dada wa marehemu. Nimeombwa niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote.

Digory Nankivell alizaliwa tarehe 3 Mei 1850 huko Cornwall, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Zacharias Nankivell, mchimba shaba, na mkewe marehemu Honor. Mimi nilizaliwa miaka minne baada yake. Mwaka 1862 baba alisikia kwamba shaba imepatikana hapa Rasi ya Yorke, upande wa Adelaide, akatupakia merikebuni. Tulikaa baharini siku mia moja na tatu. Digory alimsumbua msaidizi wa nahodha kwa maswali, hata siku moja bwana yule akamkabidhi ndoo. Akamwambia, "Teka maji ya bahari mpaka yaishe, ndipo uje kuniuliza." Digory akateka na kumwaga asubuhi nzima. Saa sita mchana akamwendea, jasho linamtiririka: "Hayajaisha, bwana. Lakini swali langu ni fupi." Tangu siku hiyo msaidizi yule alimruhusu kukaa karibu na usukani, akamfundisha jinsi nahodha anavyoijua pwani asiyowahi kuiona.

Masomo yake yalikuwa haba. Alisoma hapa hapa Trenwith, katika chumba cha nyuma cha kanisa, hadi alipofika miaka kumi na mitatu. Hesabu aliziweza, Biblia aliijua kuliko baadhi ya waliomhubiria, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Mimi ndiye niliyekuwa naandika vizuri. Barua zote za nyumbani niliziandika mimi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua kuandika barua.

Alifanya kazi gatini akipakia ngano, kisha akapiga makasia katika mashua ya rubani anayeongoza merikebu ghubani. Tarehe 1 Februari 1874 aliajiriwa kuwa mtunza alama wa ghuba hii. Wazee mnazikumbuka alama zetu, kabla taa haijajengwa: nguzo nyeupe ufukweni, na mnara wa mawe uliopakwa chokaa kule kilimani. Nahodha akiona nguzo imesimama chini ya mnara, moja juu ya nyingine, anajua yumo ndani ya mlango wa mwamba, yaani upenyo wenye maji marefu, na anaingia salama. Akizipanga vibaya, mwamba unamla. Digory alizipaka alama hizo chokaa kila mwezi, na kila baada ya dhoruba. Jumapili moja alikuja kanisani buti zake nyeupe pepe. Mama akamnong'oneza, "Digory, aibu!" Naye akajibu kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Mama, leo hata nikianguka baharini nitaonekana."

Na kwa kuwa cheupe kingine chochote kingempotosha nahodha, nyumba za Trenwith hazina ukuta mweupe upande wa bahari. Wageni hudhani sisi ni wachafu. Kila Septemba Digory alizunguka nyumba kwa nyumba na ndoo ya udongo mwekundu, akikumbusha. Akija kwangu alisema, "Kuta tatu ni zako, Tamsin. Huu wa baharini ni wa nahodha." Nami nilimjibu kwamba basi nahodha aje ausafishe.

Sasa nafika mwezi wa Novemba 1883, na naomba mnivumilie.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, watoto wanne, na kiburi kingi. Mume wangu, marehemu Josiah Rowe, alikuwa msimamizi wa gati, na nyumba yetu ilisimama peke yake juu ya jabali, mahali ilipo leo. Mchungaji mpya alitarajiwa kuja kwa mashua kutoka ng'ambo ya ghuba kuu, na chai yake ya kwanza ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimeoka keki ya zafarani. Nikatoka nje nikatazama ukuta ule mwekundu ambao mchungaji angeuona kwanza akiwa bado majini, nikaona haya. Digory alikuwa amekwenda kwenye tanuru la chokaa, safari ya siku mbili. Ijumaa tarehe 16 nilichukua chokaa iliyobaki katika banda lake, bila ruhusa, nikaupaka ukuta wote mpaka kwenye kipaa. Ulipendeza. Nilirudi nyuma mara tatu kuutazama.

Jumamosi, saa tisa alasiri, merikebu *Ellen Garrick*, yenye milingoti mitatu, ilikuja kuchukua ngano. Kulikuwa na mvua ya vipindi na upepo mkali wa kusini-magharibi, na wingu lilikuwa limefunika kilima. Nahodha aliona vyeupe viwili: nguzo ya ufukweni na ukuta wangu. Akavipanga. Merikebu ikaenda moja kwa moja juu ya mwamba, ikapasuka kabla ya saa kumi. Mashua yetu ilitoka na kuwaokoa kumi na mmoja. Saba walizama, na mdogo wao alikuwa na miaka kumi na saba.

Digory alirudi akiwa na mkokoteni wa chokaa wakati watu wote wako ufukweni. Alinikuta nimesimama mlangoni, sijui niende wapi. Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Nani kakupakia huu?"

"Mimi mwenyewe, kaka. Nilitaka tu mchungaji auone."

"We Tamsin! We Tamsin wewe!" Akaketi chini kwenye tope. Baadaye akasema, "Lete udongo. Ndoo mbili. Harakaharaka."

Aliupaka ukuta wangu udongo mwekundu kwa mikono yake, hakutumia hata brashi. Kisha akachukua chuma cha kukwangulia, akapanda kilimani, akaikwangua chokaa ya mnara wake mwenyewe, ile aliyoipaka wiki mbili kabla. Nilimkimbilia nikimwambia asifanye. Alinijibu bila kugeuka: "Wakiukuta mnara hauna chokaa watanilaumu mimi, hawatauliza habari za ukuta. Wewe una watoto wanne na mume mwenye cheo. Mimi nina brashi tu. Rudi nyumbani, na usije ukafungua mdomo."

Mimi nikarudi nyumbani. Ninawaambieni ukweli, nilirudi upesi.

Baraza la uchunguzi lilikaa Alhamisi tarehe 22 katika ghala la ngano. Msaidizi wa nahodha wa *Ellen Garrick*, ambaye alikuwa ameokolewa, aliapa kwamba waliona vyeupe viwili. Hakimu akamuuliza Digory cheupe cha pili kilikuwa nini, ikiwa mnara wa kilimani haukuwa na chokaa. Digory akasema, "Jabali, bwana. Ndege wamelinyea mpaka limekuwa jeupe. Mnara sikuupaka. Nilizembea." Watu walicheka kwa sababu ya hao ndege. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili na kofia yangu ya Jumapili, na nilinyamaza. Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Kuhusu ndoa ya marehemu sina mengi ya kusoma, na sababu ni mimi. Alikuwa amemchumbia Loveday Tonkin, na arusi ilipangwa tarehe 12 Januari 1884. Baba yake Loveday alikuja kwangu, si kwa Digory, akaniuliza, "Mama Rowe, wewe ni dada yake. Huyu mtu ni mzembe kweli?" Nilisema sijui. Neno hilo moja lilitosha. Loveday aliolewa Adelaide, na Digory hakuoa kamwe.

Alibaki hapa. Alitengeneza nyavu, alichimba makaburi, alifagia kanisa ambalo halikumruhusu tena kusoma neno. Wengi wenu mlikuwa watoto mliopiga kelele nyuma yake, "Digory! Umepaka leo?" Naye alikuwa akivua kofia na kujibu, "Bado, mabwana, nangoja mniazime brashi." Kila Jumapili alikula kwangu pai ya nyama na viazi. Nilimpa kipande kikubwa, nikadhani nalipa.

Kuna jambo jingine. Mpiga makasia hutazama anakotoka, si anakokwenda. Wanaume sita waliotoka kuokoa watu siku ile walikuwa wanatazama pwani, tena mvua ilikatika mara mbili, na ukuta wangu mweupe waliuona. Miaka mitatu baadaye mmoja wao alinikuta dukani, akainama karibu na sikio langu: "Ukuta wako siku hizi umetulia, Mama Rowe." Akatabasamu. Nikamweleza Josiah, naye akampa kazi ya unyapara gatini. Wawili kati ya hao sita wamo hapa leo. Sitawataja. Wanajijua, na wamevaa vizuri.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi wa Aprili mwaka huu. Daktari alisema ni vumbi la chokaa la miaka mingi. Nilimhamishia chumba cha mbele cha nyumba yangu. Wiki ya mwisho nilimwambia kwamba nitasema. Alikohoa sana, kisha akasema, "Umechelewa, dada. Lakini sema. Nimechoka kuwa mzembe." Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwuliza, kwa maana niliogopa jibu. Alifariki Jumanne tarehe 8 Agosti 1911, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Mchungaji Hocking alipoisoma karatasi hii jana, alisema, "Mama Rowe, mazishini tunamsifu marehemu, hatujianiki." Nikamwambia kwamba kumsifu marehemu huyu ni kujianika mimi, hakuna njia nyingine. Mwanangu William, anayegombea udiwani, alilia. "Mama, umeninyonga," alisema. Pengine ni kweli. Barua niliyomwandikia hakimu mkuu huko Adelaide, kumweleza haya yote, iliondoka na posta ya jana asubuhi, na nimeitia sahihi kwa jina langu kamili.

Wazee wa kanisa walikuwa wameamua Digory azikwe kando ya ua, mbali na mabaharia saba wa *Ellen Garrick*, kwa heshima ya wale saba. Leo asubuhi nimewaomba wachimbaji wachimbe hapa mnapopaona, karibu nao kabisa, na wamekubali. Mkimaliza kutupa udongo, msije kunipa mkono wa pole. Nendeni kwa wanangu, hao hawakujua lolote.

Marehemu ameacha dada mmoja, wapwa wanne, William, Honor, Zacharias na Grace, na wajukuu wa dada yake kumi na mmoja. Hakuacha mke wala mtoto. Hakumzamisha mtu yeyote. Kazi yake aliifanya vema mpaka siku ya mwisho aliyoruhusiwa kuifanya.

Apumzike Digory Nankivell kwa amani, ile niliyomnyima karibu miaka ishirini na minane.