Herufi ya Mwisho ya Fundi Adusei

Ndugu waombolezaji, mzee wetu Kwabena Adusei alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, huko Mampong, Ashanti, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Yaw Adusei na Mama Abena Konadu, na jina la Kwabena alilipata kwa siku hiyo ya Jumanne, siku ambayo alipenda kutuambia kwamba hakuichagua, lakini angeulizwa angeichagua hiyo hiyo.

Alisoma hapohapo Mampong tangu mwaka 1954 hadi 1964, akisifiwa kwa mwandiko na kusikitikiwa kwa hesabu, na mwaka 1965 akapelekwa Kumasi kujifunza kuandika mabango kwa fundi Ofosuhene, aliyemrithisha brashi ya manyoya na mwiko mmoja, kwamba herufi ya mwisho haipakwi mpaka mwenye duka aje, asimame mbele ya bango, na kulitaja jina kwa sauti.

Mwiko huo hakuwahi kuuvunja. Duka la "Abotare", maana yake Subira, lilikaa miezi saba likisomeka "Abotar", kwa kuwa mwenyewe hakuwa na subira ya kuja kusimama, na wapo hapa wanaoliita hivyo hadi leo.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na Bi Akosua Serwaa, wakajaliwa watoto wanne, wa tatu akiwa binti yao Afriyie, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1983, ambaye peke yake ndiye aliyerithi mkono wa baba, ila yeye aliupeleka kwenye kompyuta.

Mwaka 2019 Afriyie alipiga picha mabango mia mbili na kumi na mawili ya baba yake, akaifundisha kompyuta mwandiko ule, akaanza kuwachapia wateja, akikusudia kumwonyesha mzee siku yake ya kuzaliwa ili afurahi. Kabla siku hiyo haijafika, mzee alipita mbele ya baa moja mtaani Bantama, akaona herufi zake kwenye bango asilokumbuka kuliandika, akauliza nani kaandika, na mwenye baa akacheka, "Si wewe mwenyewe, Mzee? Umeshaanza kusahau? Uzee huo, baba!"

Siku tatu mzee aliamini akili inamtoka, hakula, akawa anamwomba mkewe amkumbushe majina ya wajukuu, na alipojua ukweli alimwambia Afriyie, "Umeniibia mkono," kisha hakusema naye tena kwa zaidi ya miaka miwili. Sisi ndugu tulimsihi, hakusikia, na leo hatuoni aibu kusema kwamba jambo lile liliiumiza nyumba nzima.

Tarehe 11 Februari 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumlisha alikuwa Afriyie, wote wawili kimya, mpaka siku moja ya mwezi Mei mzee alipofungua mdomo.

"Hiyo mashine yako inamaliza majina?"

"Inamaliza, Baba."

"Ikataze."

Afriyie akaikataza, kila bango likawa linatoka limepungua herufi moja, wateja wengine wakanuna na kwenda kwingine, waliobaki wakaja kusimama, kutaja majina na kupiga soga hadi chakula kikaiva, naye mzee akawa anawamalizia kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda, na hakuna aliyerudisha hata moja.

Mapema Novemba 2024 alizidiwa, akafariki tarehe 14, akiwa na umri wa miaka 76, akiacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na ile brashi, aliyomkabidhi Afriyie bila kutamka kwamba amemsamehe, lakini sisi tuliomwona akivikunja vidole vya binti yake juu ya mpini wake, tunasema alitamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga kazi zao leo ili wawe nasi.

Bango mnaloliona nyuma ya jeneza limechapwa na mashine, kwa mwandiko wake mwenyewe, nalo linasomeka KWABENA ADUSE. Si kosa. Mwenye jina hawezi kusimama kulitaja, kwa hiyo tunawaomba msimame ninyi, mlitaje kwa sauti, wakati Afriyie anapaka mstari mmoja uliobaki.

Pumzika kwa amani, Kwabena Adusei.