Miaka Aliyokuwa kwa Jirani

Ndugu waombolezaji, mama yetu ameniagiza mimi, kitinda mimba wake, nisome wasifu wa baba.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Subira, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, sekondari mwaka 1966, kisha chuo cha lugha, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa kuwa mkalimani wa wizara ya mambo ya nje. Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa mama, muuguzi, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1979 ujumbe wa nchi jirani ulikuja kuomba mkataba wa maji ya mto, waziri akawajibu "tutaliangalia", ambayo kwetu, mnajua, ni hapana iliyovaa suti, lakini baba akalitafsiri neno kwa neno, wageni wakafungua tena masanduku yao na kungoja siku nne hotelini. Mkuu wake akamwambia, "Wewe ndiye uliyewabakisha, nenda ukakae nao," akaenda, akakiri kosa, na mhandisi wao wa maji akacheka mpaka akapaliwa na chai. Tangu hapo wawili hao waliandikiana kila mwezi, hata mpaka wa nchi ulipofungwa barua zikapitia nchi ya tatu, wakiulizana matokeo ya mitihani ya watoto, bila kuombana chochote, kwa kuwa baba alisema urafiki hauvunwi siku ya kupanda. Serikali zilipotaka tena kuzungumza, zilipitia kwa marafiki hao wawili, na mkataba ukatiwa saini tarehe 9 Juni 1998, baba akiwa amesimama nyuma, ameshika mafaili.

Sisi tulimkosa, maana miaka hiyo yote muda wake na moyo wake vilikuwa kwa jirani. Tulipomwomba aje shuleni alisema tutaliangalia, wala hatukuhitaji mkalimani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akamwambia mama kwamba sasa ni zamu yake, lakini Septemba figo zikaanza kushindwa, na tarehe 21 Januari 2012, alfajiri, akafariki mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa wizarani, na mhandisi yule, aliyewasili juzi amechelewa kumwona, ambaye mama alimsogezea kiti karibu naye, akamwambia, "Shemeji, miaka ile ulikuwa naye wewe, nihadithie." Tangu juzi anamhadithia, wamefika mwaka 1983.

Pumzika, Baba, kwa amani ile uliyowatafutia wengine.