Wivu wa Mama Audrey

Wapendwa mliofika kulia nasi, familia inawasomea maisha ya dada yetu.

Rosebella Nafuna alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 huko Kimilili, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Sifuna na Mama Bridgit, akasoma hapo nyumbani hadi akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha akaja Nairobi kwa dada yake aliyeishi mtaa wa Gatwekera, akaanza kuuza mashuka ya mitumba Soko la Toi, ambako wateja walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Jeremy Khamala, daktari wa wanyama mwenye kliniki Kawangware, wakajaliwa watoto wawili, Audrey na Ian.

Tusifichane, maana nyote mlimjua: Mama Audrey alikuwa na wivu, na wivu huo ulipanda mwaka 2015, Daktari Beth Wakarima alipoajiriwa kusaidia kuunga miguu ya mbwa waliogongwa na pikipiki, kwani Khamala alirudi nyumbani akinukia dawa ya kunawia, jina la Beth halimtoki mdomoni, na kila mkewe akipiga simu aliambiwa wawili hao wamejifungia ndani.

Siku moja ya Agosti 2016 akaiacha biashara sokoni, akaenda Kawangware, akausukuma mlango wa chumba cha upasuaji.

“Mnajificha nini humu?”

“Rose, usiguse kitu!” Khamala akapiga kelele, lakini leso ya mkewe ilikuwa imeshateleza begani na kuangukia vyuma vilivyosafishwa kwa mvuke. Mezani alilala mbwa wa mlinzi mmoja wa mtaa wa Laini Saba, Kaveke, mguu umenyolewa na kuoshwa, mfupa u wazi. Seti nyingine haikuwapo, wakaviosha vyuma kwa dawa, wakaendelea. Baadaye kidonda kikatunga usaha, vijidudu vikaingia mfupani, mguu ukakatwa. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni ile leso, ila marehemu hakungoja kuambiwa, alikwenda kwa Kaveke akaomba msamaha, kisha akamwambia mumewe, “Nifundishe hiyo kazi. Nje ya huo mlango sikai tena.”

Akashona vitambaa vya kufunikia mgonjwa, akavipika kwa mvuke pamoja na vyuma, akahakikisha seti ya akiba ipo, na hakuna aliyeingia na viatu vya nje, hata mumewe alirudishwa kunawa upya. Wivu haukuisha.

“Daktari Beth, kofia. Nywele ni nzuri, tumeziona.”

Usaha ukawa habari adimu pale kliniki.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akapambana nayo hadi alipotuacha tarehe 6 Juni 2025. Siku zake za mwisho Beth alimtembelea wodini, naye akamwambia mbele ya mumewe, “Kliniki nakuachia. Huyu sikuachii.”

“Nimesikia, Mama Audrey,” Beth akajibu, wakacheka mpaka nesi akaja kuangalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gatwekera, wachuuzi wenzake wa Toi, na Daktari Beth, ambaye leo amechagua kiti cha nyuma kabisa, mbali na Khamala, kwa kuliheshimu neno la marehemu.

Pumzika kwa amani, Mama Audrey, na moyo wako utulie.